Okot p'Bitek: Maisha ya Mshairi na Nguvu ya Taswira

Utangulizi

Katika swali la ushairi, watahiniwa wengi hukimbilia vina na mizani. Huhesabu silabi, hutaja utao na mwandamo, huandika kwamba shairi ni tarbia. Wanapokutana na shairi huru, ambalo halina vina wala mizani maalumu, hubaki mikono mitupu. Wengine huandika tu kwamba shairi halina umbo, kisha wanaacha nafasi tupu. Sehemu hii imeandikwa ili usifike hapo.

Tutafuata maisha ya mshairi mmoja wa Afrika Mashariki, Okot p'Bitek wa Uganda. Tumemchagua kwa sababu maisha na kazi zake zinajibu swali ambalo kila mtahiniwa wa ushairi hulazimika kulijibu siku moja: shairi likivuliwa vina na mizani, ni nini kinachobaki kulibeba? Kwa Okot, kilichobaki ni taswira.

Taswira ni picha inayojengeka akilini mwa msomaji kutokana na maneno aliyoyateua mshairi. Kuna taswira oni, tunayoiona. Taswira sikivu, tunayoisikia. Taswira mguso, mnuso na mwonjo. Na taswira mwendo. Tashbihi, istiara, jazanda na tashihisi ni njia za kuzijenga picha hizo. Yashike majina haya, lakini kumbuka kwamba jina la chombo si kazi ya chombo. Anayejua jina la jembe bado hajalima.

Kuzaliwa na Malezi

Okot p'Bitek alizaliwa mwaka 1931 mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda, katika jamii ya Waacholi. Lugha ya Waacholi ni ndugu wa karibu wa Kijaluo kinachosemwa hapa Kenya. Baba yake alikuwa mwalimu. Mama yake alikuwa mwimbaji na mtunzi wa nyimbo aliyejulikana katika eneo lao. Kwa hiyo mtoto huyu alilelewa na shule mbili kwa wakati mmoja: ya baba, yenye ubao na kitabu, na ya mama, yenye ngoma na wimbo.

Jambo hili ni muhimu kwa anayesoma kazi zake. Nyimbo za Waacholi hazikutungwa ili zisomwe kimyakimya. Ziliimbwa penye watu, matangani, vitani na katika ngoma za vijana. Anayeimba penye watu hana nafasi ya kueleza wazo kwa kirefu, kwa hiyo huchora picha moja kali ambayo kila msikilizaji anaitambua papo hapo: mkuki, fahali, pembe, mvua. Okot aliijua kanuni hii tangu utotoni, kabla hajasikia neno lolote la wahakiki wa vyuoni.

Elimu na Kazi ya Ualimu

Alisoma katika Shule ya Upili ya Gulu, kisha King's College Budo karibu na Kampala. Akiwa Budo alitunga na kuonyesha opera, dalili ya mapema kwamba muziki na neno havikutengana kichwani mwake. Baadaye alipata mafunzo ya ualimu Mbarara, akarudi kaskazini kufundisha karibu na Gulu katika shule iliyopewa jina la Sir Samuel Baker. Huko aliongoza pia kwaya.

Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 22 hivi, alichapisha riwaya yake ya kwanza, Lak Tar, kwa Kiacholi. Riwaya hiyo inamfuata kijana anayekwenda Kampala kutafuta fedha za mahari, akateseka kazini, na mwishowe kurudi kwao mikono mitupu. Tayari tunaona jambo litakalomshughulisha maisha yake yote: gharama anayolipa Mwafrika anapotoka nyumbani kuelekea mji na usasa.

Kandanda Lamfikisha Uingereza

Okot alikuwa mchezaji hodari wa kandanda. Mwaka 1956 alisafiri na timu ya Uganda kwenda kucheza Uingereza, na ziara ilipokwisha hakurudi na wenzake. Alibaki kusoma. Alisomea ualimu Bristol, sheria Aberystwyth nchini Wales, na mwishowe anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Oxford, ambako utafiti wake ulihusu fasihi simulizi ya Waacholi na Walango.

Huko Oxford alikumbana na jambo lililomkera. Wahadhiri na vitabu vyao waliwataja Waafrika kwa maneno yaliyomaanisha washenzi, watu wa kale wasiostaarabika, makabila ya porini. Okot alipinga. Aliona kwamba maneno hayo hayakuwa majina matupu, bali picha. Ukimwita mtu mshenzi, umekwisha kumchora akiwa uchi gizani kabla hata hajafungua kinywa, na msomaji ataamini mchoro kuliko ushahidi. Baadaye aliandika kitabu kizima kuhusu jinsi wasomi wa Magharibi walivyozieleza vibaya dini za Kiafrika.

Mtahiniwa azingatie hoja hii. Tumezoea kusema kwamba taswira hupamba shairi. Kwa Okot taswira ilikuwa silaha. Waliotawala Afrika walitumia picha kuidunisha, naye akaazimia kujibu picha kwa picha.

Wimbo wa Lawino

Kabla ya kuondoka Uganda mwaka 1956, Okot alikuwa ameanza kutunga kwa Kiacholi utenzi mrefu aliouita Wer pa Lawino. Aliurudia na kuupanua. Mwaka 1966 tafsiri yake ya Kiingereza, Song of Lawino, aliyoifanya mwenyewe, ilichapishwa Nairobi na East African Publishing House. Toleo la Kiacholi lilifuata mwaka 1969. Baadaye Paul Sozigwa aliitafsiri kazi hiyo kwa Kiswahili kwa jina Wimbo wa Lawino.

Wakati wenyewe ulikuwa mwafaka. Mwaka 1965 Taban lo Liyong alikuwa amelalamika hadharani kwamba Afrika Mashariki ni tasa kifasihi ikilinganishwa na Afrika Magharibi. Mwaka mmoja baadaye kitabu cha Okot kikatoka.

Kazi hii ina sehemu 13. Nafsineni ni Lawino, mwanamke wa kijijini ambaye hakusoma. Nafsinenewa wa mara nyingi ni mumewe, Ocol, aliyesoma hadi chuo kikuu na sasa anamdharau mkewe, wazazi wake na desturi za kwao. Ocol ameoa mke wa pili, Clementine, anayeiga uzungu. Lawino analalamika, anacheka, anakejeli na kubembeleza.

Katika kutafsiri, Okot alilipa gharama kubwa. Kiacholi cha asili kilikuwa na mahadhi na vina. Kiingereza hakikuweza kuvibeba, na mwenyewe alikiri hivyo mwanzoni mwa kitabu. Shairi liliingia katika lugha mpya kama mwimbaji aliyenyang'anywa ngoma. Hata hivyo lilisomwa, likapendwa, likafundishwa kote barani, kwa sababu picha zilivuka mpaka salama. Hebu tuzitazame baadhi.

Taswira ya boga. Hii ndiyo inayotawala shairi zima, nayo inatokana na methali ya Waacholi inayokataza kung'oa mboga hiyo katika mahame, yaani boma lililohamwa. Fikiri: watu wamehamia kwingine, lakini boga limebaki, linatambaa lenyewe na kuzaa. Halimzuii mtu kujenga nyumba mpya. Siku ya njaa atalirudia. Kwa picha hii moja Lawino anasema kwamba utamaduni wa kale hauzuii maendeleo, na kuuharibu ni upumbavu usio na faida kwa yeyote. Wazo ambalo mwanasiasa angelihutubia kwa saa nzima limekaa ndani ya boga moja.

Taswira za mwili na urembo. Lawino anapomchora Clementine, midomo iliyopakwa rangi nyekundu inageuka kinywa cha mnyama aliyetoka kula mawindo, na uso uliopakwa poda unakuwa wa mchawi. Hapa kuna taswira oni, tena kuna kejeli. Angalia kwamba Lawino hatumii kipimo cha kizungu cha urembo. Anatumia macho ya Kiacholi, na kwa macho hayo mambo ya kizungu ndiyo yanayoonekana ya ajabu. Yaliyofanywa Oxford kwa Waafrika yamegeuzwa kuwaelekea wenyewe.

Taswira za ngoma. Ngoma ya Kiacholi huchezwa nje penye uwazi, mwili na nguvu vikionekana. Densi ya kizungu huchezwa ndani, penye moshi, jasho na harufu ya pombe. Taswira mnuso na taswira mwendo zinafanya kazi pamoja kumwegemeza msomaji upande wa uwanjani.

Taswira za wakati. Ocol anaishi kwa saa ya ukutani. Lawino anaujua wakati kwa jogoo, kwa jua na kwa kazi za siku, na mtoto hunyonyeshwa anapolia. Picha hizi mbili zinapogongana tunaelewa kwamba hawa wawili hawagombani juu ya saa. Wanagombana juu ya nani ana haki ya kuamuru siku ianze na kuisha vipi.

Taswira ya msitu. Nyumba ya Ocol iliyojaa vitabu inachorwa kama msitu mnene usiopenya mwanga, ambamo wanaume wa Kiacholi wamepotea. Elimu, ambayo sote tumezoea kuiita mwanga, imegeuzwa giza. Hiki ni kinaya cha kitaswira, na mtahiniwa anayekitambua ameelewa shairi.

Jibu la Ocol na Nyimbo Nyingine

Okot hakumwachia Lawino uwanja peke yake. Mwaka 1970 alichapisha Song of Ocol, jibu la mume. Taswira zimebadilika kabisa: badala ya boga, ngoma na jiko la mafiga kuna kuchoma, kubomoa, kung'oa na kuzika. Ocol anaiona Afrika kama giza, na mwishoni anataka sanamu zisimamishwe kwa heshima ya wakoloni walioigawa. Mshairi hatuambii kwamba Ocol amekosea. Anamwacha azungumze, na picha zake zenyewe zinamsuta.

Mwaka 1971 zilitoka tenzi mbili katika kitabu kimoja, Song of Prisoner na Song of Malaya. Katika ule wa kwanza mfungwa anazungumza akiwa katika seli, na picha ni za mguso na maumivu: sakafu ya mawe yenye baridi, mwili uliopigwa, njaa. Katika wa pili nafsineni ni kahaba anayewakumbusha wanaume wenye heshima zao kwamba anawafahamu wote. Katika anwani yenyewe Okot ameliacha neno la Kiswahili bila kulitafsiri. Kitabu hicho kilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1972.

Kutoka Kampala hadi Kisumu na Nairobi

Okot alikuwa amerudi Uganda katikati ya miaka ya 1960 akafanya kazi katika Chuo cha Makerere, kisha akawa mkurugenzi wa Kituo cha Taifa cha Utamaduni mjini Kampala. Kituo kilikuwa kimezoea tamthilia za Kiingereza. Yeye akaleta ngoma, waimbaji na wasanii kutoka vijijini, na mwaka 1967 akaandaa tamasha kubwa la sherehe za uhuru. Muda si mrefu alipoteza kazi hiyo. Sababu inayotajwa mara nyingi ni ukosoaji wake wa wanasiasa, na anayesoma sehemu ya Wimbo wa Lawino inayowachora ndugu wawili waliofarakanishwa na vyama vya siasa hatashangaa.

Hasara ya Uganda ilikuwa faida ya Kenya. Alihamia Kisumu kama mkufunzi wa masomo ya ziada ya chuo kikuu, akaanzisha tamasha la sanaa mwaka 1968. Baadaye alikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, katika Taasisi ya Taaluma za Kiafrika na idara ya fasihi, wakati ule ambapo wasomi wa Nairobi walikuwa wakidai fasihi ya Kiafrika, pamoja na fasihi simulizi, iwe kiini cha masomo. Unapofanya swali la fasihi simulizi leo, unavuna shamba ambalo yeye ni mmoja wa waliolilima. Mwaka 1974 alichapisha Horn of My Love, mkusanyiko wa nyimbo za Waacholi, na mwaka 1978 Hare and Hornbill, mkusanyiko wa ngano.

Katika miaka ya utawala wa Idi Amin, kuanzia 1971 hadi 1979, aliishi na kufanya kazi nje ya Uganda. Alifundisha pia Ife, Nigeria. Mshairi aliyekataza boga lisin'golewe aliishi miaka mingi mbali na boma lake mwenyewe.

Miaka ya Mwisho

Mwaka 1982 Okot alikuwa amerudi Makerere kufundisha uandishi wa kubuni. Alifariki Kampala mwezi Julai mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 51. Insha zake za mwisho zilichapishwa mwaka 1986. Kabla ya hapo mtindo wake ulikuwa umezaa wafuasi. Okello Oculi na Joseph Buruga, wote wa Uganda, waliandika tenzi ndefu za aina hiyo ndani ya miaka michache tu baada ya Lawino.

Okot na Ushairi wa Kisasa

Mtahiniwa anaweza kuuliza Okot anasimama wapi katika ushairi wa kisasa duniani. Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini London, Ezra Pound na wenzake walianzisha kundi la wanataswira. Walitaka shairi liachane na mapambo na maelezo marefu, lionyeshe kitu chenyewe kwa maneno machache yaliyo sahihi. Mwaka 1922 T. S. Eliot alichapisha The Waste Land, shairi linalopanga picha zilizovunjika vipandevipande, la ardhi kavu na jiji lililochoka, bila kumwambia msomaji zinaunganaje.

Okot anafanana nao kwa kuziachia picha kazi ya kusema na kwa kutobanwa na vina. Tofauti ni chemchemi. Picha nyingi za Eliot zimetoka vitabuni, na msomaji huhitaji maelezo ili azifungue. Za Okot zimetoka jikoni, shambani na uwanjani. Kwake ushairi wa kisasa haukuwa kuukimbia wimbo wa mama yake. Ulikuwa kuupeleka mbali zaidi.

Katika Kiswahili mjadala kama huo uliwaka miaka ya 1970. Wanajadi, wakifuata misingi iliyoelezwa na Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha 1954 cha sheria za kutunga mashairi, walishikilia kwamba bila vina na mizani hakuna shairi. Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi mwaka 1974, diwani yenye mashairi huru yanayosimama juu ya taswira. Shairi huru unalolipata katika mtihani leo ni tunda la mjadala huo.

Ukosoaji

Jibu zuri hutazama pande mbili. Wahakiki wengine husema Lawino analipamba zamani kupita kiasi, na kwamba anamchora Clementine kwa ukali kuliko anavyomchora Ocol aliyemleta. Taban lo Liyong aliona kwamba tafsiri ya Kiingereza ilipoteza kina cha Kiacholi, akaitafsiri upya na kuichapisha mwaka 2001. Pia kuna kinaya katika maisha ya mwandishi: yeye mwenyewe alikuwa msomi wa Uingereza, mwenye nyumba ya vitabu, kama Ocol. Huenda ndiyo sababu alijua vizuri hasa mahali pa kumchoma.

Funzo kwa Mtahiniwa

Unapoulizwa kuhusu taswira, fanya mambo matatu kwa utaratibu: itaje, ieleze, onyesha kazi yake. Chukua mfano wa karibu. Wakazi wa Mwariki hapa Nakuru wameliona ziwa likipanda hadi kwenye nyumba zao. Tuseme mshairi anaandika kwamba ziwa limekuja kudai shamba lake. Mtahiniwa dhaifu ataandika: kuna tashihisi. Amepata alama moja na hana la kuongeza. Mtahiniwa hodari ataandika kwamba ziwa limepewa uwezo wa kudai kama binadamu (kutaja). Kwamba tunaliona kama mwenye mali anayebisha hodi (kueleza). Na kwamba picha hiyo inawageuza wakazi kuwa wageni juu ya ardhi waliyodhani ni yao, hivyo kujenga toni ya huzuni na wasiwasi (kazi). Picha ni ileile. Tofauti ni kufuata inakokwenda.

Usitafute taswira kubwa tu. Boga halina fahari yoyote. Linauzwa Free Area kando ya barabara kuu kila siku, na wapita njia hawaligeukii. Okot aliligeukia, na likabeba hoja ya bara zima.

Maswali ya Marudio

1. Eleza mambo mawili katika malezi ya Okot p'Bitek yaliyoathiri ushairi wake. (alama 4)
2. Fafanua jinsi taswira ya boga inavyojenga dhamira ya Wimbo wa Lawino. (alama 4)
3. Linganisha taswira zinazotumiwa na Lawino na zile zinazotumiwa na Ocol. (alama 6)
4. Kwa nini inasemwa kwamba kwa Okot taswira ni silaha? (alama 2)
5. Tunga ubeti mmoja wa shairi huru kuhusu soko la mtaani kwenu, utumie taswira mnuso na taswira sikivu. Kisha eleza kazi ya kila taswira. (alama 4)